Roketi ya Mwaka wa Unga wa Njano

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Nyinyi wa rika langu, wa hapa Malaba mpaka kule Angurai, sina haja ya kuwaeleza, mliula wenyewe. Kwa wengine niseme tu kwamba mvua ilikataa, mihogo ikakauka ardhini kabla ya kunenepa, wimbi, yaani ulezi, ukawa kitu cha kutajwa kwa kunong'ona, na kabla ya yale magunia ya msaada kuletwa tulikuwa tunachemsha maji na ukwaju, tunatia majani ya kunde, tunaita chakula. Halafu unga ukaja. Ulinuka gunia. Ugali wake ukishapoa ulikuwa jiwe, ungempiga nao mbwa akalia. Tuliutukana huku tukiumeza.

Nimeukumbuka kwa sababu ya harufu nyingine kabisa. Mjukuu wangu Akiru, ambaye yuko sekondari na ana akili ya kunifanya nitembee kifua mbele hapa sokoni, aliishiwa na gundi ya dukani. Bila kuniuliza akachukua sufuria yangu nzuri, akachemsha unga wa muhogo na maji mpaka ukawa ute. Mimi nilikuwa nje naanika omena, dagaa wetu wa ziwani. Ule uchachu ukanifikia puani, nikaacha omena hapo hapo. Kuku wakala walichokula, sikujali. Nilimkuta amesokota karatasi ngumu ikawa bomba, amelichongea pua, na sasa anabandika mabawa upande wa mkia.

"Ni roketi, Tata," akaniambia. Tata kwetu Wateso ndiyo nyanya. "Ni ya mashindano ya sayansi, kule Busia."

"Naona ni roketi. Umeizungusha na kamba?"

Akaniangalia mdomo wazi. Hakujua kwamba mwanamke aliyeachia shule darasa la nne anaweza kuuliza swali hilo. Na mimi tangu hapo sijatulia. Naingia ndani nasahau nilichofuata, natoka, nafagia mahali palipofagiwa. Afadhali niandike, labda miguu itapumzika.

Nilikulia kwa Tata wangu, mama yake mama. Boma lilikuwa kwenye mteremko, juu ya mto. Ukisimama mlangoni unaona maji, na ng'ambo ya maji ni Uganda. Mama alikuwa Busia, anauza samaki wa Osieko, kule ziwani, anakuja akipata nafasi. Njaa iliwalaza watoto wengine, mimi ilinikimbiza. Nilikuwa nazunguka boma tangu jua linachomoza, naangalia chini ya kila jani kama kuna kitu, napanda ghala tupu, nashuka, naenda mtoni, narudi. Tata aliniambia, "Wewe miguu yako inakula chakula ambacho tumbo halijapata."

Katika hali hiyo ndipo Mjomba Okware, mdogo wake mama, alipovuka mto akaja kwetu. Alikuwa anasoma Tororo. Wakati huo huko ng'ambo watu walikuwa wanachukuliwa na askari, wengine hawarudi, kwa hivyo alivuka usiku akiwa na suruali moja na mkebe mmoja. Mkebe ule ulikuwa wa mwalimu wao mzungu, ambaye alikimbilia kwao akamwachia. Ndani yake kulikuwa na injini za roketi, ndogo za karatasi, kila moja kama kidole gumba cha mtu mzima. Nyingine walishazirusha shuleni. Ilibaki moja.

Ile moja ndiyo ilimnyima usingizi. Alichukua kalenda ya zamani ya kanisa, akaizungushia mpini wa ufagio, akaipaka gundi. Na gundi ilitoka wapi? Kwenye kibuyu cha unga wa muhogo ambacho Tata alikuwa anakikwangua na ukucha.

"Okware! Watoto wanalala njaa, na wewe unalisha karatasi?"

"Ni kijiko kimoja tu, Toto." Toto ni mama.

"Kijiko kimoja ni uji wa mtu. Unamwona huyu?" Akanishika bega, akanizungusha mbele yake kama kuku wa kuuzwa. "Huyu mgongo wake unaonekana kutoka mbele."

Mjomba alitazama chini. Lakini gundi ilishaiva, hata yeye hangeirudisha kuwa unga. Alipomaliza kupaka nililamba sufuria. Msinicheke, nanyi mlilamba yenu.

Roketi ilipokauka aliipeleka jioni kwenye malisho, mimi nyuma yake. Kwanza aliiweka juu ya kidole kimoja, injini ikiwa ndani, akaisukuma mbele na nyuma mpaka ikalala sawa bila kuanguka upande wowote. Pale pale kidole kilipokuwa akafunga kamba, akaishikiza kwa tone la gundi. Halafu akaanza kuizungusha juu ya kichwa chake, kamba ikiwa ndefu, yeye mwenyewe akigeuka nayo.

"Injini ni moja," aliniambia. "Siwezi kuiwasha halafu ndiyo nijue. Kwa hivyo naiuliza kwa kamba. Ikizunguka imetanguliza pua, hata juu itatanguliza pua. Ikitanguliza mkia, ama ianze kupinduka, hiyo ukiiwasha inatafuta nyumba ya mtu."

Nyumba zetu zote zilikuwa za nyasi, na nyasi zilikuwa kavu.

Ilitanguliza mkia. Jioni ya pili ikapinduka pinduka. Mjomba akasema mkia ni mzito, akapunguza mabawa, akayaongeza tena, akajaza udongo kwenye pua. Udongo ulipokauka ukapasuka, ukawa unacheza ndani kama mbegu kwenye kayamba, na roketi ikazidi wazimu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kichuguu namwangalia, na jambo lilikuwa wazi kwangu kabisa. Nilikuwa nimemwona mama mmoja kwenye foleni ya kwa chifu, akipepesuka hivi, akitanguliza mgongo, kabla ya kuanguka. Roketi ya Mjomba ilikuwa na njaa. Nilishangaa mtu aliyesoma mpaka Tororo haoni.

Watu barabarani nao waliona yao. Mwanamume mzima, jioni, anazungusha kitu juu ya kichwa, kinalia vuu vuu, na uso wake umeelekea maboma ya wenzake. Mama mmoja jirani akasimama kwenye njia na kuni zake kichwani.

"Okware, hicho kitu unakituma kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote, mama. Ni sayansi."

"Sayansi ya jioni?"

"Upepo unatulia jioni."

"Hata wachawi wanasema hivyo," akajibu, akaenda zake, na watoto wake wakaenda wakiimba kwamba Okware anafuga nyuki asiye na asali.

Maneno yakamfikia mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi, akaja na baiskeli yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekosa mwalimu wa sayansi, aliyekuwepo alikimbilia mjini kutafuta chakula. Alisimama bila kushuka, mguu mmoja chini.

"Kijana, mimi nahitaji mtu wa darasa la sita na la saba. Lakini wazazi wanasema hawataki mganga. Jumamosi leta hiyo kitu yako uwanjani, mchana, watu waone. Ikienda juu kama unavyosema, Jumatatu unaingia darasani. Ikiangukia mtu, sikujui."

"Na nikiona haifai kurushwa?"

"Basi wataendelea kusema wanavyosema." Akakanyaga pedali, akaondoka.

Mjomba hakungoja Jumamosi. Asubuhi iliyofuata nilimkuta mlangoni, mkebe kwapani, suruali ameikunja kwa ajili ya mto.

"Toto, mimi hapa ni mdomo wa bure. Navuka. Huko nitajua la kufanya."

Tata alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anachambua majani. Hakunyanyua kichwa.

"Umekula?"

"Kuna nini cha kula, Toto?"

"Basi keti."

"Jua likipanda nitaonekana mtoni. Acha nipite."

"Hapana. Kwangu hatoki mtu na tumbo tupu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya boma letu, na sijui kama kuna boma la Mteso ambalo halina sheria hiyo, ila Tata alikuwa na namna yake ya kuisimamia. Aliujaza mlango. Mgeni wa soko, mtoza ushuru, mtoto aliyetumwa chumvi, wote walikuwa wanakaa chini kwanza wanatia kitu mdomoni. Mjomba alimwangalia, akaangalia sufuria iliyofunikwa juu chini, akaketi. Angefanya nini? Kumruka mama yake?

Basi akili yangu ikafanya kazi. Kama mtu hawezi kutoka bila kula, na chakula hakuna, maana majani Tata hakuyahesabu, basi Mjomba hawezi kutoka. Nilifurahi mpaka nikaruka. Tangu siku hiyo njaa ikawa rafiki yangu. Tumbo likinguruma naliambia, nguruma, nguruma. Wenzangu walipoenda barabarani kuangalia kama lori la unga linakuja, mimi nilikuwa nawaombea wasilione. Na wakirudi mikono mitupu nilikuwa nawauliza mara mbili, kuhakikisha.

Lori likaja Ijumaa.

Wanawake walipiga vigelegele kutoka barabarani mpaka kwetu. Tata alirudi na unga ndani ya leso, uso wake umefunguka kama wa msichana. Mimi nikalia. Wakafikiri nalia kwa furaha, wakanibembeleza. Ugali ulisongwa, wa njano kama kiini cha yai, ukawekwa katikati, na Mjomba akanawa mikono. Nilimhesabia kila tonge kwa macho. Anafinya, anatumbukiza, anameza, koo linapanda, linashuka. Nilitaka kuingiza mkono mdomoni mwake nitoe. Tonge langu mwenyewe, kubwa, Tata alilolikata akanipa mkononi, sikulila. Nililificha kwenye nguo, likinichoma tumbo.

Jioni ile aliijaribu roketi kwa mara ya mwisho, ikatanguliza mkia tena. Alirudi akakaa jikoni karibu na Tata. Akaifungua pua, akamwaga ule udongo uliopasuka, akaiweka pua na mwili juu ya kigoda, kila kimoja peke yake.

"Kesho nitamwambia mwalimu haiwezi kurushwa," alisema. "Siwezi kuchoma nyumba ya mtu ili nipate kazi. Halafu nitavuka."

Nilimwangalia Tata. Nilingoja aseme. Alikuwa anachokoa moto na kijiti, anachokoa tu. Mtoto wake alikuwa ameshiba. Ile sheria yake ilikuwa imeishia kwenye sahani.

Sijui wenzangu mlipokuwa wadogo mliwaza nini juu ya mambo ya kuondoka. Mimi niliwaza hivi: katika boma hili kuna mmoja anataka kwenda na mwingine anakataa kwenda. Anayetaka kwenda ameshakula. Anayekataa hajala. Mimi nikimlisha yule anayekataa, yeye ataenda, na Mjomba hatakuwa na sababu. Kulipopambazuka, Mjomba akiwa ameenda kuoga mtoni, nilichukua pua ya roketi. Ilikuwa tupu ndani kama koni. Tonge langu lilikuwa gumu sasa, nikalipasua kwa meno, nikalowesha kwa mate, nikalishindilia ndani kwa kidole gumba, tena kwa kijiti cha Tata, tena kwa kidole gumba, mpaka halikubaki hata chembe. Nililiweka lote. Tumbo langu lilinililia, nikaliambia linyamaze. Nikairudisha pua mahali pake.

"Kula," nikaiambia. "Halafu uende wewe."

Uwanjani watu walikuwa wengi, maana waliokula jana walikuwa na nguvu ya kutembea. Mwalimu mkuu alikuwa ameleta kiti. Mjomba alimwendea, akasema polepole, "Mwalimu, haifai. Jana nimeipima, inatanguliza mkia. Siwezi."

"Watu wote hawa nimewaambia nini?"

"Waambie mimi ndiye nimeshindwa."

"Wewe izungushe hapo waone imekataa, ndiyo waende nyumbani. Wakiondoka bila kuona, watasema umeificha."

Wakacheka wote. Yule mama wa kuni akapaza sauti, "Tuonyeshe nyuki wako, Okware!"

Basi Mjomba akaiweka juu ya kidole, pale palipokuwa na alama ya kamba. Ikaanguka mbele. Akaiokota, akaiweka tena, ikaanguka mbele tena. Akakunja uso. Akasogeza kidole kuelekea pua, akaendelea kusogeza, mpaka ikalala. "Imehama," alisema, kama mtu anayejisemea. Akahamisha kamba, akaishikiza, akaanza kuizungusha.

Sauti yake ilikuwa tofauti. Haikulia vuu vuu ya kukatika. Ililia wimbo mmoja, mrefu. Pua mbele, mkia nyuma, kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Mjomba akaongeza kamba, ikaenda vile vile. Akapunguza mwendo, haikupepesuka. Kelele za watu zikapungua zenyewe. Aliisimamisha. Aliinusa pua. Halafu akanitafuta kwa macho, akaniona, akaniita, akaangalia kidole changu gumba. Kilikuwa cha njano hadi kwenye ukucha.

"Umeipa nini?"

"Ugali."

"Wako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kiasi gani?"

"Wote."

Kisha alinigeuza akanisukuma taratibu kuelekea kwa Tata, na akawaambia watu warudi nyuma, warudi tena, mpaka kwenye ua wa mikatani. Aliisimamisha roketi kwenye waya wa uzio aliounyoosha, akawasha utambi, akakimbia.

Mimi sikuwahi kuona kitu kikiondoka namna ile. Hata sasa malori yanayopita hapa mpakani, na yanapita usiku na mchana, hakuna linaloondoka namna ile. Ilisema shwaa, mara moja, na tayari ilikuwa juu, imenyooka, moshi mweupe umesimama kama mkuki uliochomekwa uwanjani. Wanawake walilala chini. Mwalimu mkuu aliangusha kiti. Yule mama wa kuni alikuwa amemkumbatia mtu asiye mume wake. Ikawa ndogo, ikawa nukta, nikafikiri imekwenda kweli, imevuka mto badala ya Mjomba, na moyo wangu ukatulia.

Halafu ikarudi. Ilirudi kwa pua, ikajichoma kwenye shamba la mihogo karibu na uwanja, ikapasuka. Tulipofika, kuku wa mtu walishatutangulia, wanagombania ugali wa njano.

"Hii roketi ilikuwa na kiamsha kinywa!" akapiga kelele mtu mmoja, na uwanja mzima ukacheka hadi watu wakajishika mbavu. Mwalimu mkuu alifuta vumbi kwenye suruali. "Jumatatu," alimwambia Mjomba. "Uje na viatu, kama unavyo."

Tukiwa njiani kurudi, Tata alinishika mkono akanivuta pembeni.

"Jana ulikula?"

"Hapana, Tata."

"Ugali niliokupa ulienda wapi?"

Nikamwambia. Nilifumba macho nikingoja kofi, maana mwaka ule kupoteza chakula kulikuwa wizi.

"Hiyo kitu ilikuwa inasafiri?"

"Ndiyo, Tata."

"Basi ulifanya sawa." Tulipofika nyumbani akakata tonge lake katikati, akanipa, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza.

Mjomba alifundisha pale mpaka ng'ambo kulipotulia. Aliponionyesha hesabu na nyota na kwa nini pua ikiwa nyepesi roketi inageuka, nilikuwa nimeshaacha shule, lakini alinionyesha hivyo hivyo, jioni, kwenye kichuguu. Siku alipovuka kurudi Tororo, Tata alipika tangu alfajiri. Nilikuwa msichana mkubwa, matiti yameota, na bado nilisimama jikoni nikitamani sufuria iwe tupu. Alikula akashiba. Akaenda.

Roketi ya Akiru nayo ilipepesuka ilipozungushwa mara ya kwanza. Nilimwambia aweke uzito kwenye pua, kitu kisichopasuka wala kucheza. Aliuliza kama naweza kumpa ugali. Nikamwambia asinichekeshe, siku hizi kuna nati za pikipiki. Aliweka nati, akaishikiza kwa gundi, akanipa kamba mimi. Niliizungusha mwenyewe, na mgongo huu, hapo uani, majirani wakichungulia juu ya ua. Ilitanguliza pua. Ililia ule wimbo mmoja mrefu. Nilishindwa kuisimamisha.

Leo ndiyo siku ya kwenda. Mwalimu wake amesema watakaoshinda Busia watapelekwa mbele zaidi, na huko mbele kuna shule za bweni ambazo zinawatafuta watoto kama yeye. Amenieleza hayo akirukaruka, miguu yangu ya zamani ndiyo hiyo ameivaa. Atashinda. Namjua. Atashinda, halafu nitabaki na hii sufuria yenye ute wa gundi.

Jua halijachomoza vizuri. Mwenye bodaboda yuko nje, anapiga honi kama mtu aliyenunua barabara. Akiru amefunga viatu, roketi iko kwenye boksi kifuani.

"Mama, tunachelewa!" bodaboda anaita.

"Tata, tafadhali," Akiru ananiambia. "Nitakula huko huko. Wenzangu wananingoja, nitaachwa. Acha nipite."

Nimesimama mlangoni. Sahani ya ugali ninayo mkononi, mweupe, wa moto, na omena. Naujaza mlango.

"Hapana. Kwangu hatoki mtu na tumbo tupu."